Nakala ya Kale ya Kijana wa Flandrin: Tathmini ya Mchoro wa Mkaa Ulionunuliwa Paris

Mchoro ninaoutathmini hapa ulichorwa kwa mkaa na chaki nyeusi juu ya karatasi yenye upana wa sentimita 61 na kimo cha sentimita 47. Hauna saini wala tarehe, na niliununua Paris kwa mfanyabiashara wa michoro ya kale kwa Yuro 240, pamoja na fremu ya mbao iliyopakwa rangi ya dhahabu ambayo nitaizungumzia baadaye. Unamwonyesha kijana wa kiume aliye uchi, ameketi juu ya mwamba, ameikunja miguu na kuikumbatia kwa mikono yote miwili, na paji la uso amelilaza juu ya magoti. Anayefahamu uchoraji wa Ufaransa wa karne ya 19 hahitaji kuambiwa chanzo chake, kwani huyu ni kijana wa Hippolyte Flandrin, na picha yenyewe imo katika jumba la makumbusho la Louvre. Kilichouzwa basi ni nakala, tena nakala iliyotangazwa wazi kuwa nakala, na linalohitaji kupimwa ni iwapo kazi ya mwanafunzi asiyejulikana jina inastahili bei hiyo na nafasi ukutani. Naona inastahili, ingawa si kwa sababu alizozitoa muuzaji.

Muuzaji alilikazania jina la Flandrin. Katika maelezo yake jina hilo lilitangulia kila kitu, na kuhusu karatasi, hali yake na ubora wa mkono uliochora aliandika sentensi mbili tu. Mpangilio huo humpotosha mnunuzi, kwa kuwa jina la bingwa haliingii kwenye karatasi ambayo bingwa hakuigusa. Anachokipata mnunuzi ni kazi ndefu ya jicho na mkono wa mtu aliyekuwa akifundishwa kuona, na kazi hiyo inasomeka waziwazi almuradi mtu ajue pa kutazama.

Flandrin alizaliwa Lyon mwaka 1809, akafunzwa na mchoraji Ingres mjini Paris, na mwaka 1832 akashinda Tuzo ya Roma, iliyompa mshindi nafasi ya kuishi Villa Medici, makao ya Chuo cha Ufaransa mjini Roma, kwa gharama ya serikali. Fadhila hiyo ilikuwa na masharti: kila aliyepewa nafasi alitakiwa kupeleka Paris kazi za kuthibitisha kwamba anaendelea na masomo. Picha ya kijana aliyeketi kando ya bahari, iliyokamilika mwaka 1836 wakati Ingres mwenyewe akiwa mkurugenzi wa Villa Medici, ilikuwa mojawapo ya kazi hizo za lazima. Haina kisa. Kijana hana jina, silaha, mabawa wala kitu chochote cha kumgeuza shujaa wa hekaya za Kigiriki. Kuna mwili, jiwe, bahari na anga, katika turubai ya rangi za mafuta yenye kimo cha sentimita 98 na upana wa sentimita 124. Ilianza kama zoezi, na pengine ndiyo maana ilirudi kwa wepesi mbele ya wanafunzi kuwa zoezi tena.

Kwa mwalimu wa kuchora, mkao huu una faida ambayo mikao ya kishujaa haina. Uso umefichwa, kwa hiyo mwanafunzi hawezi kumpumbaza mtazamaji kwa macho mazuri au midomo yenye huzuni. Mwili mzima umejikunja kama ngumi, na baina ya kiwiliwili, paja, ugoko na mkono umeacha nafasi chache tupu ambazo maumbo yake yanapimika. Ukiikosea pembe ya shingo, paji la uso halifiki magotini. Ukilirefusha paja, mikono haikutani. Kosa halina pa kujificha.

Mafunzo yenyewe yalikuwa na ngazi zake. Tangu Chuo cha Kifalme cha Uchoraji na Uchongaji kilipoanzishwa Paris mwaka 1648, kuchora mwili wa binadamu kulihesabiwa kuwa msingi wa sanaa yote, na mwanafunzi hakutarajiwa kuketi mbele ya mwili ulio hai kabla hajapita hatua mbili: kwanza kunakili michoro na picha za kuchapishwa za mabingwa, kisha kuchora sanamu za plasta zilizotolewa kwenye sanamu za kale za Ugiriki na Roma. Chuo hicho kilifutwa mwaka 1793 wakati wa Mapinduzi, lakini ngazi hizo ziliendelea katika Shule ya Sanaa ya Paris na katika shule za kuchora za miji mingine. Wachapaji nao walilijua soko hilo. Katika karne ya 18 Gilles Demarteau alichonga mabamba ya shaba kwa ufundi ulioiga punje za chaki nyekundu, ili mwanafunzi asiyeweza kuushika mchoro wa mchoraji Boucher aweze kunakili kitu kinachofanana nao. Katika karne iliyofuata ilikuja litografia, yaani uchapaji wa picha kwa jiwe, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1860 kampuni ya Goupil ikachapisha kozi ya kuchora iliyotayarishwa na Charles Bargue pamoja na Jean-Léon Gérôme, yenye karatasi 197, ambayo sehemu yake ya pili yote ni nakala za kazi za mabingwa. Vincent van Gogh alizinakili karatasi za kozi hiyo alipokuwa anaanza kuchora, na mwaka 1890, akiwa mchoraji kamili, akairudia kazi hiyo.

Katika mazingira kama hayo kunakili hakukuwa wizi wala aibu, na kutokuwepo kwa saini si dalili ya kuficha jambo. Zoezi la darasani halikuhitaji saini. Muuzaji alimtaja mchoraji kuwa kijana wa kiume aliyesoma Paris. Hakuna kitu kwenye karatasi kinachothibitisha jinsia yake wala mji. Tukumbuke kwamba Shule ya Sanaa haikuwapokea wanawake hadi mwaka 1897, na kumchora mwanamume aliye uchi kulihesabiwa kuwa jambo lisilowafaa, hivyo nakala ya picha mashuhuri ilikuwa njia mojawapo waliyobaki nayo ya kujifunza mwili huo. Mkono huu unaweza kuwa wa yeyote.

Sehemu iliyonishawishi kununua ni mgongo. Kuanzia kisogoni hadi kiunoni, mwanafunzi alilaza kwanza tabaka jembamba la mkaa, akalisugua kwa kijiti cha karatasi iliyosokotwa mpaka likawa kijivu laini, kisha akarudi juu yake na chaki iliyochongwa, akaweka mistari mifupi inayofuata mzunguko wa mbavu. Ukiitazama mistari hiyo kwa lenzi utaona kwamba haikuchorwa kwa pupa: kila mmoja unaanza kwa uzito na kuishia kwa wepesi, na pale mbavu zinapozunguka kuelekea tumboni, mistari nayo inajipinda. Mwanga mkali ulio juu ya bega haukuwekwa kwa chaki nyeupe. Ni karatasi yenyewe iliyosafishwa, bila shaka kwa kipande laini cha ndani ya mkate, ambacho wachoraji wa mkaa walikitumia kama kifutio. Alama za kufuta huko ni vidoa vidogo vilivyopinda, na ndani ya kila kidoa punje za mkaa zimebaki kwenye vibonde vya karatasi tu.

Kivuli nacho kimewekwa kwa nidhamu ya shule. Weusi ulio mzito kuliko wote hauko ukingoni mwa mwili, bali umeingia ndani kidogo, na baada yake, kabla ya kufika ukingoni, kuna ukanda mwembamba wa kijivu hafifu, yaani mwanga unaorudishwa na jiwe. Ukanda huo ndio unaomfanya mtazamaji aamini kwamba mgongo una upande wa pili asiouona. Mwanafunzi asiye mwangalifu huusahau, na aliyeujua juzi huung'arisha kupita kiasi. Huyu ameupima vizuri kabisa, na kama angechora mgongo peke yake na kuishia hapo, ningekuwa na mashaka kama kweli alikuwa mwanafunzi.

Miguu ni habari nyingine. Vidole vya mguu ulio karibu vimeungana kuwa bonge moja, kisigino ni kikubwa kuliko kinavyostahili, na kifundo kimerudiwa: chini ya mstari wa sasa kuna mistari miwili hafifu iliyofutwa nusunusu, mmoja ukiwa nje kwa takriban milimita 4. Mkono ulio mbele umezungushiwa mstari wenye unene uleule kutoka kiwikoni hadi kwenye vidole, jambo linaloufanya uonekane umebandikwa juu ya miguu badala ya kuizunguka. Kasoro hizi zinashusha bei, na zinapaswa kuishusha. Hata hivyo zinathibitisha jambo lenye thamani yake, kwamba kazi ilifanywa kwa kupima kwa jicho na si kwa kufuatisha mistari ya karatasi iliyowekwa chini, kwa maana anayefuatisha hakosei kifundo mara mbili. Ushahidi mwingine wa kupima uko mgongoni, ambako chini ya mkunjo laini bado inaonekana mistari iliyonyooka iliyounganisha kisogo, bega, kiuno na nyonga. Ndivyo wanafunzi walivyofundishwa: kuanza na mistari iliyonyooka na pembe zake, kisha kulainisha baadaye.

Bahari haimo. Mwanafunzi ameiacha pamoja na anga na vilima, na mwamba ameumaliza kwa mistari michache ya mshazari. Wapo watakaolihesabu hilo kuwa pungufu. Mimi nalipenda, kwa sababu bila mandhari ile ya huzuni kijana anarudi kuwa kile alichokuwa tangu mwanzo, yaani tatizo la umbo, na mtazamaji analazimika kulishughulikia.

Muuzaji alidai pia kwamba nakala ilichorwa Louvre mbele ya picha yenyewe. Dai hilo si la kipuuzi, kwani Louvre ilifunguliwa kwa umma mwaka 1793 na wanaonakili ni sehemu ya maisha yake tangu mwanzo, lakini paja la kijana linalikana. Kwenye kivuli cha paja mistari inakatizana na kuacha vipembe vidogo, na ndani ya baadhi ya vipembe hivyo mwanafunzi ameweka nukta moja moja. Huo ni ufundi wa mchonga bamba la shaba, anayehitaji mistari na nukta ili kupata kijivu kutokana na wino mweusi mtupu. Rangi ya mafuta haina haja ya hila hiyo, na Flandrin, aliyelainisha uso wa picha kama alivyofundishwa na Ingres, hakumwachia mtu nukta za kunakili. Kwa hiyo kilichokuwa mbele ya mwanafunzi kilikuwa chapa, yaani picha iliyochapishwa kwa bamba. Kwamba kijana anaelekea upande uleule wa kwenye picha hakupingi hoja hiyo: chapa ya bamba hutoka imegeuka, na mchongaji mwangalifu huchonga kinyume ili itoke sawa. Nakala hii basi ni nakala ya nakala, jambo ambalo halinisumbui, ila lilipaswa kumzuia muuzaji kuipamba kwa Louvre.

Kuhusu karatasi, ukiiinua mbele ya dirisha inaonekana mistari sambamba myembamba iliyobanana, ikikatwa na mingine iliyo mbalimbali, pamoja na kipande cha alama ya maji, yaani nembo iliyomo ndani ya karatasi yenyewe, kilichokatwa ukingoni kiasi cha kutosomeka. Matuta ya karatasi ya namna hii hushika vizuri punje za mkaa. Imekuwa ya hudhurungi hafifu lakini pembe zake bado zinainama bila kukatika, dalili ya nyuzi za matambara. Karatasi ya bei nafuu ya massa ya mbao, iliyoenea katika nusu ya pili ya karne ya 19, kwa umri huu ingekuwa kavu na ya kuvunjika. Chaki haisaidii sana kupata tarehe, maana chaki ya kutengenezwa ya Nicolas-Jacques Conté ilipewa hataza mwaka 1795 na haijaacha kutumika tangu hapo. Kwa kuzingatia karatasi, namna ya kuchora na chanzo, naiweka kati ya mwaka 1850 na 1890, na sioni sababu ya kujifanya mjuzi zaidi ya hapo.

Hali yake ni ya wastani. Kuna matundu ya pini pembeni, ambayo hayana ubaya kwa kuwa yanaonyesha karatasi ilivyobanwa kwenye ubao wa kuchorea; kuna madoa machache ya kahawia juu ya jiwe, na ukanda uliofifia pembeni mwote palipofunikwa na kadibodi ya zamani. Kubwa zaidi ni mpasuko wa sentimita 3 chini kulia, uliobandikwa kwa nyuma kwa utepe wa gundi wa rangi ya kahawia, ambao maelezo ya muuzaji yaliupita kimya huku yakisema "hali nzuri". Fremu si ya wakati wa mchoro, mapambo yake ni ya plasta na pembe moja imepasuka, na ndani yake kioo kiligusana moja kwa moja na mkaa, kiasi kwamba upande wa ndani wa kioo ulikuwa na alama hafifu ya mgongo. Ningelipa kidogo zaidi ili nisipewe fremu hiyo.

Kwa anayefikiria kununua kitu cha aina hii Ufaransa, sheria ina manufaa kuliko ushauri wa wajuzi. Amri ya tarehe 3 Machi 1981 kuhusu udanganyifu katika biashara ya kazi za sanaa imeyapanga maneno ya orodha na risiti kwa uzito wake. Kazi ikiandikwa "attribué à", yaani inahusishwa na msanii fulani, muuzaji anathibitisha kwamba ilifanywa katika kipindi ambacho msanii huyo alikuwa akifanya kazi na kwamba zipo sababu nzito za kumdhania yeye. Ikiandikwa "d'après", yaani kwa kufuata kazi ya msanii fulani, kama huu wangu, hathibitishi kitu: si msanii, si tarehe, si shule. Risiti yenye "d'après Flandrin" peke yake ingetimizwa kihalali na nakala iliyochorwa mwaka jana. Kinachomlinda mnunuzi ni kutajwa kwa karne, kwa kuwa amri hiyohiyo inasema kwamba kipindi kikitajwa pamoja na jina la kazi, muuzaji ameshathibitisha kuwa kazi ni ya kipindi hicho. Aidha, mnunuzi akidai, muuzaji analazimika kumpa risiti inayoeleza aina ya kazi, vifaa vyake, asili yake na umri wake.

Nilidai. Risiti ya kwanza ilikuwa na jina la Flandrin na bei tu. Ya pili, ambayo muuzaji aliiandika bila ubishi wowote, inataja karne ya 19, mkaa na chaki nyeusi, na mpasuko uliotengenezwa chini kulia. Kwa hilo namsifu, ingawa halikupasa kuombwa. Namsifu pia kwa kufungasha: mchoro ulitolewa kwenye fremu nilivyoomba, ukawekwa baina ya mbao mbili nyembamba na karatasi isiyo na asidi, bila kitu chochote kuusugua mkaa.

Yuro 240 ni bei ya haki, wala si bei ya bahati. Mchoro uliofanywa mbele ya mtu aliye hai, ambao orodha za minada huuita "académie", kwa kawaida hugharimu zaidi ya nakala ya ubora uleule, hasa ukiwa na muhuri wa shule au saini ya mwalimu, na muhuri wa mkusanyaji aliyemo katika orodha ya mihuri ya wakusanyaji ya Frits Lugt, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1921, huipandisha bei zaidi. Huu hauna hata kimoja kati ya hivyo. Kama muuzaji angeitisha mara mbili ya bei hiyo kwa nguvu ya jina la Flandrin, ningeuacha pale pale na mgongo wake.

Aliyeununua mchoro wa namna hii atalazimika pia kulipia kadibodi mpya isiyo na asidi, yenye kina cha kutosha ili kioo kisiuguse mkaa, na kuuning'iniza mahali ambapo mwanga hauzidi luksi 50, kiwango ambacho majumba ya makumbusho hukitumia kwa kazi za karatasi. Asiupulizie dawa yoyote ya kugandisha mkaa, kwa kuwa dawa hizo hubadilisha kijivu, na kijivu ndicho kilichonunuliwa. Utepe wa gundi ulio nyuma aachiwe mtaalamu wa kuhifadhi karatasi, kwani ukiloweshwa bila ujuzi doa lake huweza kupenya hadi mbele.

Nampendekezea mchoro huu anayechora mwenyewe, au anayefundisha kuchora, kwa sababu mgongo na kifundo vikitazamwa pamoja vinafundisha mambo ambayo kazi iliyokamilika ya bingwa imeyafuta. Anayetaka tu kumwona kijana wa Flandrin ukutani atapata chapa nzuri ya picha yenyewe kwa bei ndogo zaidi, tena ikiwa na bahari.